Nambari ya Kona

Jumatatu, 14 Juni 2004

Nimepata kazi. Kazi ya akili, si ya jua. Madam Elizabeth, mwenye chuo cha kompyuta pale juu ya duka la dawa za mifugo hapa Kitengela, anataka kompyuta zake zote ziunganishwe kwa mtandao kabla ya Ijumaa. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiridhika, wanafunzi watafanyia mtihani wao hapa hapa badala ya kwenda Nairobi.

Aliyenipigia debe ni Koinet, rafiki yangu. Anafundisha pale mwaka wa pili sasa bila barua ya kazi. Madam amemwambia wazi: chuo kikipita, barua itaandikwa, kisipopita, hakuna barua. Baba yake kule Bisil amesema wazi zaidi: bila barua arudi kwa ng'ombe, maana kaka yake ameenda kuwa askari wa lango huko mbali na mifugo haina mtu. Kwa hivyo Koinet alipomwambia Madam kwamba mimi ni fundi wa mtandao, alikuwa anaweka shingo yake mwenyewe. Nimeguswa. Tena si uongo mtupu. Nilisoma kozi ya wiki moja Nairobi. Siku tatu nilikuwepo. Siku ya nne nilienda Kiserian kumwonyesha mtu ploti, na siku ya tano sikuona haja.

Lakini mtandao ni ploti tu. Anwani ya kompyuta ni nambari nne zenye nukta katikati. Zetu zote zinaanza 192.168.1, kama shamba moja lenye hati moja. Nambari ya mwisho ndiyo inayotofautisha, kuanzia 0 hadi 255. Jumla mia mbili hamsini na sita. Nimezigawa mara nne: ofisi 0 hadi 63, darasa 64 hadi 127, chumba cha saiba, cha watu wa kulipia intaneti, 128 hadi 191, zinazobaki ni za siku za mbele. Halafu kila kompyuta hupewa nambari nyingine, inaitwa maski. Maski ni bikoni, lile jiwe la mpaka wa ploti. Inaiambia kompyuta ploti yake inaishia wapi, nani ni jirani wa kuitwa juu ya ua, na nani ni wa mbali, wa kufikiwa kwa kupitia getini. Geti ni ruta, kile kisanduku chenye taa. Mimi nimekuwa broka, dalali wa ploti, miaka tisa. Nani atanifundisha kugawa?

Sifuri nimeiacha. Huwezi kumpa mtu mzima sifuri. Lakini Madam nimempa 63. Na kompyuta ya Koinet darasani, ile ambako wanafunzi wote watatuma kazi zao siku ya mtihani, nimeipa 127. Zote ni za mwisho wa kipande. Za kona.

Mtu asiniulize kwa nini kona. Mwaka wa 1997 nilikuwa na ploti ya kona mkononi, karibu na soko. Saveya, mpima ardhi, akasema hii ni ya barabara, isiguswe. Nikatii. Leo mtu aitwaye Muthama amejenga ghorofa tatu pale, duka la hadwea chini, na hiyo barabara haijapita mpaka leo. Kila asubuhi napita nikiangalia upande mwingine. Ningekuwa mtu mkubwa. Utiifu ndio ulionimaliza.

Jumanne, 15 Juni

Musila amenichafulia siku.

Musila ana duka la kutengeneza kompyuta ng'ambo ya barabara. Ana cheti kwenye fremu na penseli sikioni kama seremala. Madam alimwita aangalie printa, na mimi nilikuwa nimeshuka kununua waya. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda, lakini alikuwa ameusoma mchoro wangu mezani na kuniandikia pembeni, kwa hati ndogo ya mtu mwenye kiburi. Kwamba 63 na 127 si za kupewa mtu. Kwamba nambari ya kwanza katika kila kipande ni jina la kipande chenyewe, na ya mwisho ni ya kutangazia wote: kinachotumwa huko ni cha kila mtu, hakifiki kwa mmoja. Kwamba nitumie 62 na 126.

Ya wote! Nilicheka peke yangu. Maneno hayo nayajua tangu zamani. Hii ni ya shule, hii ni ya zahanati, hii ni ya barabara. Ukigeuka kidogo unakuta mtu ameshusha mawe na mchanga. Musila anataka niziache kona wazi ili kesho aje azigawe yeye, Madam amsifu yeye.

Nikachukua kifutio. Nikafuta taratibu, neno kwa neno. Penseli ilikuwa imekandamizwa sana, alama zikabaki kwenye karatasi, ila huwezi kuziona mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga. Na nani huinamisha karatasi?

Chini ya mchoro panatakiwa sahihi na nambari ya cheti cha aliyepanga. Hapo nikakwama. Koinet ana diploma. Nikamweleza kwamba karatasi ikitoka kwa mwalimu wa chuo itapendeza zaidi machoni pa mkaguzi kuliko ikitoka kwa mtu wa nje. Akaniuliza kama nina hakika na hizo nambari, maana yeye ni wa kuchapa na majedwali, mambo ya mtandao hayajui. Nikamwambia nina hakika. Akaandika jina lote, Koinet ole Kakuta, kwa hati nzuri ya mwalimu, akanishukuru.

Alinishukuru.

Jumatano, 16 Juni

Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Leo nilikusanya kompyuta nne mezani kwa majaribio, zote kwenye swichi moja, kisanduku cha kuunganishia nyaya, pamoja na printa: ya Madam, ya Koinet na mbili za wanafunzi. Sikujisumbua na bikoni. Nilizipa zote maski ya shamba zima, 255.255.255.0, yaani kabla ya kugawa, kila mmoja jirani wa kila mmoja. Zikaongea! Mwanafunzi alichapa barua, ikaonekana kwa Koinet kwenye 127. Madam alichapisha kutoka 63, printa ikatema karatasi. Kona zote mbili zinafanya kazi. Musila yuko wapi?

Nilimwambia Madam kwamba nambari yake ni ya heshima, ya kona. Alifurahi. Akasema maisha yake yote amepewa ploti za katikati. Akaniambia nikimaliza hii kuna kazi ya saiba nyingine. Koinet naye alisimama nyuma yangu akitabasamu kwa kompyuta yake, akasema kesho atampigia baba yake kwa simu ya jirani, amwambie asimngoje.

Nikamwambia angoje kidogo, asipige mpaka Ijumaa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakunisikia.

Alhamisi, 17 Juni

Nimechoka na sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Leo kila kompyuta imerudi kwenye chumba chake. Ofisi na waya wake, darasa na wake, saiba na wake, ruta katikati. Sasa zile bikoni lazima ziwekwe kweli, kama mchoro unavyosema: maski ya vipande vya sitini na nne, ambayo ni 255.255.255.192. Kompyuta za wanafunzi, sawa. Ya karani wa ofisi na ya printa, sawa. Nikafika kwa Madam. Nikaandika 63, nikaandika maski, nikabonyeza. Ikakataa. Ikaleta kisanduku cha onyo kwamba nambari hii na maski hii hazipatani, niweke nyingine. Nikajaribu tena polepole. Ikakataa tena. Nikaenda kwa Koinet, 127. Onyo lile lile, neno kwa neno.

Nilikaa nikaliangalia. Nakiri hapa, kwa sababu hapa hasomi mtu: nilimkumbuka Musila. Hata mkono ulienda kwenye 126. Lakini Madam amekwisha kuwaambia watu wawili kwamba ana nambari ya kona. Mtu huwezi kumpa ya kona Jumatano ukamnyang'anya Alhamisi. Basi nikafanya kile tunachofanya ploti ikikataa kutosha. Nilisogeza bikoni. Kwenye hizo kompyuta mbili tu nikarudisha maski ya shamba zima. Onyo likatoweka. Nikabonyeza OK, mambo yakawa OK.

Isipokuwa Madam hawezi kuchapisha. Anatuma, printa inamwangalia tu. Nilimwambia waya mpya huhitaji siku moja kuzoea. Alinitazama sana, kisha akasema sawa, yeye si mtaalamu.

Koinet alitaka wanafunzi wajaribu kumtumia kazi leo, awe na amani. Nikamzuia. Nikasema tusiichoshe mashine kabla ya mgeni. Akaniuliza kama darasani kuko sawa. Nikasema kuko sawa. Angeniuliza mara ya pili labda ningesema kweli. Hakuuliza mara ya pili. Ananiamini, hiyo ndiyo shida yake.

Ijumaa, 18 Juni

Nimemwangusha Koinet.

Mkaguzi ni Bwana Odero, mtu mpole mwenye faili la kijani. Tulitarajia mkali, tukapata mpole, na hiyo ni mbaya zaidi. Aliwasalimu wanafunzi wote kumi na wanane. Akawaomba waandike barua fupi kwa mzazi, wakimaliza waitume kwenye kompyuta ya mwalimu, kama watakavyofanya siku ya mtihani. Wakaandika. Wakatuma.

Hakuna kilichofika. Kompyuta kumi na nane zimesimama zikifikiri, Koinet akiwa mbele akiangalia folda tupu. Akaifunga, akaifungua. Jasho likamtoka puani. Msichana mmoja wa mbele akamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hii yangu inasema hakuna mtu huko." Bwana Odero alingoja kwa adabu. Alingoja dakika ishirini, namna mtu anavyongoja mwenye nyumba atafute ufunguo.

Halafu akaomba mchoro. Akasoma, kidole kikashuka polepole, kikasimama kwenye 127. Kikapanda kikasimama kwenye 63. Akauliza nani alipanga hizi nambari.

Koinet alinitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kipande cha waya mkononi. Niliangalia juu, kama naangalia feni. Chumba kile hakina feni.

Koinet akasema, "Ni mimi, sir. Sahihi ni yangu."

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu, mimi. Nililiona kabisa, liko pale kwenye ulimi. Bwana Odero akaandika kitu kwenye faili, akafunga, akasema kwa upole kwamba chuo kinachompa mtu nambari ya kutangazia wote hakiko tayari kubeba mtihani wa watu, na kwamba tutaonana mwakani. Alimpa Koinet mkono. Mimi hata hakuniona. Nami nilishukuru kwamba hakuniona, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 19 Juni

Madam alimwita Musila. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikijifanya nachagua mihogo. Alipanda, akashuka kabla sijachagua. Karani aliniambia kwamba alibadilisha 63 ikawa 62, na 127 ikawa 126, akarudisha bikoni mahali pake. Printa ya Madam ikatema karatasi zote za tangu Alhamisi. Zile barua za wanafunzi, walipojaribu tena, zikafika zote kumi na nane. Kazi ya muda wa kuchemsha chai.

Musila alinikuta pale kwenye mihogo. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alisema tu kwamba aliniandikia. Nikamwambia sikuona maandishi yoyote. Akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha, akaenda zake.

Koinet ameondoka na gari la mchana kwenda Bisil. Karani anasema hakugombana na mtu. Alifuta ubao, akaacha ufunguo juu ya meza.

Jumapili, 20 Juni

Kanisani sikuimba. Roda, mke wangu, alinisukuma kwa kiwiko mara mbili. Tulipotoka akaniuliza ni nani aliyepanga nambari. Nilimwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema amekaa na mimi miaka kumi na moja, hata kuku akikosa kutaga nasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema niende kwa yule kijana wa watu nikamwambie ukweli, majuto ni mjukuu. Nikamwambia wajukuu wangu wamefika kabla watoto hawajaoa. Hakucheka hata yeye. Watu wote wameacha kucheka wiki hii.

Nitaenda. Nitasema yote.

Alhamisi, 24 Juni

Nimetoka Bisil. Viatu vimejaa vumbi jeupe.

Nilimkuta nje ya boma la baba yake, amevaa shuka, fimbo mabegani, viatu vile vile vya kufundishia. Viatu ndivyo vilivyonishinda kuangalia. Nikasema, "Sopa." Akaitikia, "Ipa," kama kawaida, tukashikana mikono. Mama yake akaleta chai ya maziwa matupu. Baba yake alinikaribisha vizuri, akamwuliza Koinet mbele yangu kama huyu ndiye yule rafiki fundi. Koinet akasema ndiye.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, tangu Isinya. Nilianza vizuri. Nilisema ninasikitika. Nilisema roho yangu haina raha, na hiyo ni kweli tupu, sijalala vizuri tangu Ijumaa. Akanisikiliza akiangalia ng'ombe. Kisha akaniambia kitu kimoja. Siku ile ya ukaguzi, Bwana Odero alipomrudishia mchoro, Koinet aliushika karibu na dirisha, akaona pembeni pana alama za penseli iliyofutwa. Hakuweza kusoma zote. Alisoma 62.

Akaniuliza, "Nzioka, kuna mtu alikuandikia kitu hapo?"

Huyo ndiye mtu aliyeweka shingo yake kwa ajili yangu. Nimesafiri kwa ajili ya swali hilo hilo. Mlango umefunguliwa mpaka mwisho.

Nikasema labda ni karatasi ya zamani ilikuwa na hesabu za mtu.

Akasema, "Sawa." Alinisindikiza hadi barabarani na akangoja mpaka nikapata gari. Mtu anayekuchukia hakusindikizi. Nimelifikiria hilo njia nzima, na kila nikilifikiria najisikia vibaya zaidi.

Jumamosi, 3 Julai

Roda asome hii akitaka. Nimejirekebisha.

Nimepata kazi Isinya, kwenye shamba la kuku linalopanuka. Wana ofisi, wana nyumba ya vifaranga upande wa pili, wanataka kompyuta kumi na moja ziongee. Jambo la kwanza nililomwambia meneja ni kwamba sikubali kazi bila kuajiriwa Koinet ole Kakuta kama mtunza kumbukumbu. Kwa barua! Barua yenyewe nimeiona, ina mhuri. Ataanza Jumatatu, miezi mitatu ya kumwangalia, mfumo ukisimama vizuri anabaki moja kwa moja. Nilimpigia kwa simu ya jirani. Akaniuliza kama safari hii nina hakika. Baba yake ameuza fahali kumlipa mchungaji wa kushika nafasi yake, na amesema hii ni mara ya mwisho. Nikamwambia nina hakika.

Nami nimejifunza, asiseme mtu sikujifunza. Nimekaa siku nyingi nikitafuta kosa la chuoni lilikuwa wapi, na nimeliona. Tuligawa vipande vidogo mno. Vipande vinne, watu wamebanana, ua juu ya ua, lazima kona ilete matata. Ndiyo maana Isinya nimegawa mara mbili tu. Ofisi 0 hadi 127, vifaranga 128 hadi 255. Ploti kubwa, hewa inapita. Kwenye ploti kubwa hakuna mambo ya barabara.

Musila alisikia, akaja mpaka hapa nyumbani kuniuliza nimegawaje. Nikamwambia vizuri.

Koinet nilimkosea, na deni kama hilo halilipwi kwa maneno. Kwa hivyo mashine yake, ile ambayo hesabu zote za mayai na vifaranga zitaingia, nimeiandaa leo mwenyewe kwa mikono yangu, nikaipangusa vumbi. Meneja alitaka kuichukua nambari yake kwa sababu ndiyo ya mwisho kwenye ofisi. Nikakataa. Nikamwambia hiyo ina mwenyewe. Sijamwambia Koinet, nataka aikute Jumatatu. Nimempa 127.

Kompyuta ilileta onyo kidogo. Nikabonyeza OK.